Mtoto Akitoka Nasari Saa Sita, Nani Analipia Mchana?

Ni saa sita unusu. Mama yuko bichi ya Mbita, omena zimeanikwa kwenye nyavu na bado hazijakauka, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mfangano. Simu inaita. Ni Madam wa PP1: watoto wameshatoka, wako bado yuko getini, nani anakuja kumchukua?

Kama umewahi kupokea simu kama hiyo, makala haya ni yako. Inaweza kuwa si omena. Inaweza kuwa ni nyanya za kuuza kando ya barabara Rongo, kibanda cha chapati Oyugis, shamba la miwa Awendo, au mchanga wa dhahabu kule Macalder. Kazi yako haijaisha saa sita, lakini nasari imeisha. Na kuna shule nyingine hapo karibu inayosema: ongeza kitu kidogo kila muhula, tutakaa naye hadi saa tisa.

Je, uongeze? Na kwa nini ulipe wewe, ilhali tunaambiwa chekechea ni kazi ya serikali?

Sisi kazi yetu ni malipo, si kufundisha watoto. Lakini karo, pesa ya uji na pesa ya lanchi hupitia kwenye simu yako, na ni haki yako kujua unalipia nini kabla ya kubonyeza PIN. Tuanze mwanzo.

Kwa nini inaisha saa sita?

Watu wengi hufikiri mwalimu wa nasari anawahi tu kwenda nyumbani. Sivyo. Mtaala wa PP1 na PP2, wa watoto wa miaka minne na mitano, una vipindi 25 kwa wiki, na kila kipindi ni dakika 30. Piga hesabu: hiyo ni saa kumi na mbili na nusu kwa wiki, yaani saa mbili na nusu kwa siku. Ongeza mapumziko, uji na kucheza, unafika karibu saa sita. Masomo yenyewe ndiyo yanaishia hapo.

Na kuna sababu nzuri. Mtoto wa miaka minne hachoki kama sisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu pamoja na ule wa mchana. Ukimkalisha kwenye dawati hadi saa tisa akiandika a, b, ch, hutapata mtoto mwerevu zaidi. Utapata mtoto anayesinzia na kulia.

Kwa hiyo hatusemi nusu siku ni makosa. Masomo ya nusu siku yanatosha. Shida ni kwamba siku ya mzazi haiishi pale masomo ya mtoto yanapoishia.

Sheria inasema nani alipe?

Kwa miaka mingi nasari ilikuwa mzigo wa mzazi. Tangu uhuru, nyingi zilijengwa kwa harambee, zingine chini ya mti au ndani ya kanisa, na wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Elimu ya msingi ya bure ilipokuja Januari 2003, ilianzia darasa la kwanza. Nasari iliachwa nje. Wazazi wengi wanakumbuka wakati huo: mkubwa anasoma bure, mdogo analipiwa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Jedwali la Nne linasema elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana tangu 2013 kaunti, zikiwemo Migori na Homa Bay, zinaajiri walimu wa ECDE na kujenga madarasa. Ukisoma mstari huohuo hadi mwisho, unakuta neno lingine ambalo huzungumziwa mara chache: vituo vya kulelea watoto. Hivyo pia vimewekwa mikononi mwa kaunti. Kwa lugha rahisi, asubuhi ya kufundisha ni ya kaunti, na mchana wa kulea nao haukuachiwa mama peke yake.

Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hiyo inahesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu ya msingi. Inasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Michango mingine inaweza kuwepo kwa idhini, lakini mambo mawili ni lazima. La kwanza, hakuna mtoto wa kukatazwa shule kwa sababu mzazi hajalipa mchango huo. La pili, hakuna mtu wa kukusanya mchango bila kutoa risiti rasmi.

Hilo la risiti tutalirudia, kwa sababu ndipo simu yako inapoingia.

Mchana una bili tatu

Shule ikikwambia "lipa ya siku nzima", usiipokee kama bili moja. Ndani yake mna vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe.

Kuna kufundisha. Hii kwa shule ya umma ni ya kaunti. Kama pesa unayoombwa ni ya "tuition ya mchana" kwa mtoto wa PP1, uliza vizuri, kwa sababu mtaala haudai masomo ya mchana.

Kuna chakula. Hapa ndipo wazazi wengi hawabishi. Mtoto ale wapi, atakula tu. Swali ni nani achangie kiasi gani. Nairobi wameanza mpango wa Dishi na County tangu 2023: mtoto wa shule ya umma, hata wa chekechea, anapata lanchi, na mzazi anatoa shilingi 5 tu. Mzazi anaweka pesa kwa simu, mtoto anavaa bangili ndogo mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Gharama inayobaki inalipwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Kwa hiyo mzazi, kaunti na mfadhili wanaweza kugawana bili moja ya chakula, na ile shilingi tano ikafika bila noti kupotea njiani.

Halafu kuna kulea. Huyu mtoto alale wapi, nani amwangalie asiende barabarani, asitumbukie ziwani. Hii ndiyo bili ambayo haiandikwi popote, kwa sababu kuna mtu anailipa kimyakimya. Ni dani anayeacha shamba lake aje kushinda na mjukuu. Ni dada wa darasa la tano ambaye kila siku ya soko "anaumwa" na kukosa shule. Ni jirani anayepewa mboga kama shukrani. Au ni mama mwenyewe, anayefunga kibanda saa sita wakati wateja wa lanchi ndio wanaanza kufika.

Kwa hiyo hata nusu siku ina bei yake. Tofauti ni kwamba bili yake haiji na SMS.

Na mahali pengine bili hiyo ni ya hatari. Mtoto anayetoka saa sita na kumfuata mama kwenye machimbo ya Nyatike anacheza karibu na mashimo na karibu na zebaki inayotumika kukamata dhahabu. Anayemfuata bichi anacheza kando ya maji huku watu wazima wote wakiwa na shughuli.

Siku nzima inasaidia nani?

Kuna utafiti uliofanywa Korogocho, Nairobi, ambapo baadhi ya akina mama walipewa vocha za kupunguziwa gharama ya kulelewa watoto. Waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi kuliko wasiopewa, hasa walioolewa. Akina mama wanaolea peke yao nao walifaidika kwa njia yao: waliweza kupunguza saa za kazi bila kipato chao kushuka. Pengine walipata nafasi ya kuchagua kazi yenye saa nzuri badala ya kushika yoyote inayokubali mtoto mgongoni.

Nje ya Afrika wapo waliofanya mchana kuwa wa umma. Ufaransa, shule ya chekechea ina saa 24 za masomo kwa wiki, karibu mara mbili ya zetu, na tangu 2019 ni lazima mtoto aanze akiwa na miaka mitatu. Masomo hayalipiwi, lakini kwa chakula cha mchana mzazi hutozwa. Hata huko, bili zimetenganishwa.

Lakini siku nzima ina maana tu kama mchana ni wa kula, kulala na kucheza. Kabla ya kulipa, fika shuleni siku moja saa nane mchana bila kupiga simu. Angalia: kuna mikeka? Kuna kivuli? Kuna maji safi? Kuna mtu mzima anayewaangalia, au mwalimu yuko darasa lingine? Kama watoto wamejazwa chumba kimoja cha mabati wakiandika, afadhali mtoto wako akae na dani.

Piga hesabu yako mwenyewe

Hizi namba ni za mfano tu. Toa zetu, weka zako.

Tuseme muhula una wiki 13, siku 65 za shule. Mtoto akitoka saa sita, jirani anamwangalia kwa bob 30 na anakula kwako chakula cha bob 20. Hiyo ni 50 kwa siku. Mara 65, ni Sh3,250 kwa muhula.

Tuseme shule inaomba bob 40 kwa siku, lanchi na kuangaliwa hadi saa tisa. Mara 65, ni Sh2,600.

Hapo siku nzima ni nafuu kwa Sh650. Na hatujahesabu yale unayouza kati ya saa sita na saa tisa. Kama hufungi kibanda na unapata faida ya Sh100 zaidi kwa siku, hizo ni Sh6,500 kwa muhula.

Sasa geuza. Tuseme dani yuko nyumbani, ana nguvu, anapenda kukaa na mtoto, na chakula kinatoka shambani. Nusu siku inakugharimu karibu sufuri. Kulipa Sh2,600 ili tu uonekane mzazi wa akademi ni kujipunja. Hakuna aibu katika nusu siku.

Unachohitaji ni kuandika kwa wiki moja kila shilingi inayotoka na kila saa inayopotea kwa sababu mtoto yuko nyumbani. Fungua taarifa ya malipo kwenye simu yako utazame ulimtumia jirani ngapi mwezi uliopita. Wengi wetu hushangaa, kwa sababu bob thelathini haionekani ikitoka.

Shida ya muhula wa pili

Kwa familia za ziwani kuna mtego mmoja. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Muhula wa pili nao unaangukia karibu wote ndani ya miezi hiyo. Yaani shule inadai pesa wakati ziwa limefungwa.

Kwa mkulima wa miwa, mtego ni mwingine: miwa huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukomaa, na malipo yake huja kwa mkupuo, si kila muhula.

Kwa hiyo kulipa siku kwa siku, ambako kunasikika rahisi, si rahisi kwa kila mtu. Ukiwa mtu wa omena, muhula wa pili ulipiwe na Januari, Februari na Machi. Weka bob 30 kwa siku kwenye akiba ya simu kwa siku 90, unapata Sh2,700. Kwenye mfano wetu wa Sh2,600, muhula wa pili umeshalipwa kabla nyavu hazijatundikwa. Ukiwa mtu wa miwa, malipo yakiingia, toa ya shule ya mihula yote mitatu siku hiyohiyo, uifungie mahali ambapo hutaigusa.

Na zungumza na shule mapema. Mwambie mwalimu mkuu: "Mwalimu, mimi natoka bichi. Muhula wa pili sina kipato. Naomba nilipe kabla, au nilipe nusu sasa na nusu Agosti." Walimu wa kando ya ziwa wanaijua hali hiyo. Wengi wana ndugu majini.

Jambo dogo kuhusu ada: kutuma bob 40 kila siku na kutuma Sh200 mara moja kwa wiki kunaweza kukugharimu tofauti. Angalia ada za kutuma na za kulipa kwenye menyu yako kabla ya kuchagua. Pesa ya makato ikizidi, hiyo ilikuwa sahani ya mtoto.

Ukilipa, lipa hivi

Uliza kwanza. Si utovu wa adabu. Unaweza kusema:

"Madam, shikamoo. Nimepata ujumbe wa Sh600. Naomba kujua, hii ni ya nini?"

"Ni ya siku nzima, mama."

"Asante. Sasa ya lanchi ni ngapi, ya kuangaliwa ni ngapi? Na risiti nitapata kwa nani?"

Ukijibiwa vizuri, lipa kwa moyo mweupe. Ukiambiwa "lipa tu, wazazi wote wamelipa", peleka swali kwa kamati ya wazazi. Huko ndiko mahali pake.

Lipa kwa namba ya shule. Paybill au till yenye jina la shule ni bora kuliko namba ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Mwalimu akihamishwa, pesa iliyotumwa kwenye simu yake haina ushahidi kwamba ilifika shuleni. Kama kituo chenu hakina namba yake, kamati ya wazazi inaweza kuomba kufunguliwa.

Kwenye sehemu ya akaunti andika jina la mtoto na darasa. "Baba Otis" haimsaidii karani mwenye watoto 80.

Soma jina kabla ya PIN. Jina likiwa si la shule, simama hapo. Ukiwa umeshatuma kimakosa, piga huduma kwa wateja mara moja, usingoje jioni.

Usifute SMS. Ujumbe wa malipo ni ushahidi kwamba umelipa, lakini si risiti ya shule. Ipeleke, upewe risiti rasmi. Sheria iko upande wako.

Ukipata ujumbe kwamba "namba ya shule imebadilika, lipa hapa", usilipe. Piga simu kwa mwalimu unayemjua, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Matapeli wanapenda wiki ya kufungua shule.

Wanaokusanya kama chama, wazazi kumi wakimlipa mama mmoja awaangalie watoto, wafuate utaratibu huohuo: kiasi kimoja, siku moja ya kulipa, na orodha ambayo kila mzazi anaiona. Chama cha namna hii ni njia nzuri sana pale ambapo shule haina siku nzima. Lakini kikubalianeni mapema: mtoto akiugua, nani anapigiwa, na dawa inalipwa na nani.

Bili ambayo si yako peke yako

Tumekuonyesha namna ya kulipa vizuri. Lakini kuna jambo ambalo simu yako haiwezi kulitatua.

Bob 40 ya mama wa Mbita na bob 40 ya mwalimu wa sekondari Migori mjini hazina uzito mmoja. Tukiacha mchana uwe wa anayeweza kulipa, watoto wawili wa kijiji kimoja wataanza darasa la kwanza wakiwa tofauti: mmoja amekula na kulala miaka miwili, mwingine ameshinda barabarani. Tena kwa sababu ya Sh2,600.

Kaunti ndiyo yenye kazi hiyo kikatiba, na kaunti hupanga pesa kwa kalenda inayojulikana. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Mwaka mpya wa pesa huanza 1 Julai. Katikati ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni kwenye wadi. Barabara hutajwa, kisima hutajwa. Ni mara ngapi umesikia mtu akisimama na kusema: tunataka uji, mikeka na mtu wa kukaa na watoto wa PP1 hadi saa tisa?

Nenda na namba. Ile hesabu yako ya wiki moja, ya jirani na ya kibanda kilichofungwa, iweke pamoja na za wazazi wengine kumi. MCA wako anaweza kulipuuza lalamiko. Hesabu ya wazazi kumi na mmoja, zikiwa na jumla chini, ni ngumu kuisukuma kando.

Hadi siku hiyo ifike, tenga pesa ya muhula wa pili mapema, uliza kila shilingi ni ya nini, na dai risiti. Na dada wa darasa la tano arudi shule siku ya soko.

Kumbuka: PIN yako ni siri yako. Hatutakupigia kuiomba, na shule haina haja nayo.